Kabichi Kubwa: Kikohozi Chini ya Sakafu

Wiki iliyopita tulimwacha Glenda Haddrick amekaa mbele ya wakili, kalamu mkononi, swali moja likimngoja, na kikohozi kikitoka chini ya miguu yake.

Swali lilikuwa hili: kuna mtu yeyote anayekusukuma uiweke nyumba yako rehani?

Kikohozi kilikuwa kimoja, kifupi, kikavu.

Wakili Loredana Pirrone alitazama mbao za sakafu. Ofisi yake, kama nyumba nyingi za Queensland, ilisimama juu ya nguzo ndefu kumpita mtu, na huko chini watu huegesha magari, huanika nguo siku za mvua, na hulundika vitu wanavyoona aibu kuvitupa.

"Posamu," alisema wakili, akimaanisha yule mnyama wa usiku, mkubwa kama paka, anayependa kulala kwenye nyumba za watu. "Wamehamia humo tangu baridi ianze. Samahani, Bi Haddrick, endelea."

Lakini Glenda alimjua posamu yule. Alikuwa amelala naye kitanda kimoja tangu siku ya harusi yao.

Kama gazeti la wiki jana ulifungia samaki, kisa chenyewe ni hiki. Neville Haddrick, muuzaji wa mabomba ya kumwagilia na mwenyekiti wa Klabu ya Matufe ya Wallabri, ambako watu huviringisha matufe nyasini na kunywa bia, anataka kujenga kabichi. Si kulima, kujenga. Kabichi la faiba, refu kama ghorofa nne, ngazi ndani yake, duka la zawadi katikati, na dirisha kileleni la kutazamia makabichi ya kawaida.

Barabara kuu ilipohamishwa, magari yaliacha kupita Wallabri. Neville aliamini kwamba mtu aliyeshinda njiani na watoto wanaolia atakata kona kwa furaha akisikia kuna kabichi la kupanda. Mji mzima uliamini pamoja naye. Miji mingine ina nanasi lake la kujengwa, ina kamba wake, ina kondoo wake mkubwa kuliko kanisa, na yote inakula kwa wageni.

Benki nayo ilikuwa tayari kuamini, mradi iwekewe kitu. Kitu pekee kilichopatikana ni nyumba wanamoishi, na nyumba hiyo iko kwa jina la Glenda peke yake. Hapo ndipo benki ilipodai barua ya wakili. Wakili huyo asiwe mtu wa mume, na akae na mke faragha, mlango umefungwa, mpaka aridhike kwamba mama ameelewa na hakusukumwa. Wakili pekee wa Wallabri ndiye mweka hazina wa kamati ya kabichi. Ikabidi waende Denby, mwendo wa saa nzima.

Bi Pirrone alimwomba Neville, kwa adabu, akangoje kwenye duka la mikate ng'ambo ya barabara. Neville alisema bila shaka. Akashuka ngazi kwa kishindo ili asikike akishuka. Barabara hakuivuka.

Sasa turudi kwa Glenda, kalamu bado mkononi.

Neville hakuwahi kumpiga mkewe. Hakuwahi hata kumpandishia sauti. Yeye alikohoa. Mbele ya wageni, kikohozi kimoja kilimaanisha: jibu, unachelewa. Viwili, geuza mazungumzo. Vitatu Glenda alivisikia mara moja tu, kwenye maziko ya baba yake, alipoanza kuwaeleza watu kwa nini mzee aliiandika nyumba kwa jina la binti bila kumtaja mkwe. Hawakuwahi kukaa wakapatana maana hizo. Zilikuja zenyewe, kama watu wa nyumba moja wanavyojua ni ubao gani unaolia ukikanyagwa.

Na jibu alikuwa nalo. Wiki nzima walikuwa wakilifanyia mazoezi wakati wa kifungua kinywa, Neville akiwa wakili na Glenda akiwa Glenda. Sema ndoto yetu, mpenzi, usiseme ndoto yake. Hebu tena, na utabasamu kidogo.

"Hakuna anayenisukuma," alisema Glenda. "Nimeelewa. Nimeridhia. Ni ndoto yetu sote wawili."

Chini palitulia. Ulikuwa utulivu wa mtu aliyeridhika.

Wakili hakuandika. Aliweka karatasi pembeni na kuuliza jambo ambalo halikuwamo kwenye mazoezi: nyumba yenyewe ikoje?

Glenda alishangaa, kisha uso ukamfunguka. Alisema jiko linatazama mashariki. Alisema kuna roshani upande wa mbele na mti wa ndimu nyuma. Alisema katikati ya ukumbi, sakafuni, kuna mshono unaonasa nyuzi za deki kila anapopiga deki, kwa sababu baba yake alipoinunua nyumba ile ilikuwa kwenye mji wa machimbo uliokufa, na...

Vikohozi viwili.

Glenda alinyamaza katikati ya neno, kama redio iliyochomolewa waya.

Bi Pirrone alikuwa mwanamke wa taratibu. Alimuuliza kuhusu mti wa ndimu, na Glenda akaueleza mti wa ndimu vizuri, majani yake na wadudu wake, bila tatizo kutoka chini. Akamuuliza kuhusu roshani. Hakuna tatizo. Akamuuliza tena kuhusu baba.

Viwili. Glenda akafumba mdomo.

Wakili alimtazama mteja wake, kisha sakafu, kisha mteja wake. Alikuwa ameona posamu wengi wakiogopa watu. Hakuwahi kuona mtu akimtii posamu.

Alisimama, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na ndoo ya kupigia deki iliyojaa maji yenye dawa ya mkaratusi.

"Huwa nawamwagia kidogo," alisema kwa sauti ya kawaida. "Hawadhuriki, ila hawapendi. Mbao zangu zina nyufa, maji yanapita moja kwa moja. Wewe unaonaje, Bi Haddrick? Nimwage, nisimwage?"

Hapo Glenda angeweza kusema kweli na kumwokoa mumewe. Alifikiria koti la Neville, lile zuri la kikao cha benki. Alifikiria mafua yake, na jinsi alivyo mgumu akiwa mgonjwa. Chini, mtu alikuwa amebana pumzi kabisa. Kukohoa kungempa wakili sababu ya kumwaga, na kutokohoa kungemwachia Glenda aamue mwenyewe.

"Mwaga," alisema Glenda. Halafu, kwa kuwa ni mwanamke anayependa kazi ifanyike sawasawa, akaongeza, "Pale, karibu na kabati."

Ndoo ilimwagwa karibu na kabati.

Hapakutoka sauti ya posamu. Palitoka neno moja ambalo gazeti hili haliandiki, kisha viatu vikikimbia juu ya kokoto, kisha kimya.

Wakili aliketi. Akakunja mikono juu ya meza, akauliza upya lile swali la kwanza, neno kwa neno.

Glenda alingoja kikohozi. Hakikuja. Nje lori lilipita, likatokomea.

"Sijui," alisema mwishowe. "Sijawahi kuulizwa huku pakiwa kimya."

Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, na akasimulia habari ya baba yake mpaka mwisho. Baba huyo, Mzee Arch, aliinunua nyumba bila kiwanja, kwa bei ya ng'ombe wawili. Alipima upana wa nyumba. Halafu akapima upana wa barabara. Alipoona nyumba imeishinda barabara, akaikata katikati kwa msumeno kama mkate, akaipakia juu ya malori mawili, akaileta Wallabri, akaiunga. Alimwambia binti yake: nyumba hii imeshahama mara moja, isihame tena.

Bi Pirrone alisikiliza. Kisha akamwambia kwamba sheria haijali kama mtu amesukumwa kwa ngumi au kwa upole. Wake wengi waliokaa kwenye kiti kile walisukumwa na waume waliowapenda, alisema, na hao ndio wanaochelewa kujua.

"Barua siandiki leo," alisema. "Njoo peke yako, kwa basi. Ukiniambia unalitaka kabichi, nitaandika, hata kama mimi naliona upuuzi. Upuuzi ni haki yako, Glenda. Nyumba ni yako."

Kwenye pikapu Neville alikuwa analowesha usukani. Alinukia mkaratusi kama dawa ya kifua. Alieleza kwamba bomba la duka la mikate lilipasuka, na kwa kuwa yeye ni mtaalamu wa mabomba, alieleza lilipasukia wapi, kwa nini, na ni kiungo gani cha bei rahisi kilichotumika. Glenda alisema pole. Kisha Glenda akasema mambo huko juu yalikwenda vizuri, ila pale pana posamu mkubwa.

"Eti eh?" alisema Neville.

"Mkubwa sana. Nafikiri ni dume."

Wakaendesha. Neville hakuweza kumuuliza alichosema, kwa sababu alikuwa amekisikia, isipokuwa sehemu ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyomtafuna. Glenda hakuweza kumlaumu kwa kusikiliza, kwa sababu ndoo aliielekeza yeye. Ndoa nyingi zinakwenda mbali kwa adabu ya namna hiyo.

Kwa haki ya Neville, na yaandikwe haya pia. Alikuwa amemnunulia pai ya nyama, na alikumbuka kumwekea mchuzi wa nyanya pembeni, si juu, kama apendavyo. Alimwashia joto la kiti. Mtu akikusukuma kwa mkono, unajua pa kuushika. Akikusukuma kwa pai, unakula.

"Hata mama anauamini mradi huu," alisema baada ya daraja. "Yeye hakuhitaji wakili. Aliamini siku ile ile."

Glenda alitafuna. Thelma Haddrick, mama mkwe wake, hakuwa mwanamke wa kuamini kitu siku ile ile. Hata utabiri wa mvua hakuuamini mpaka inyeshe kwanza. Glenda alitaka kuuliza, lakini njia ya kwenda nyumbani ikapita dirishani na Neville hakukata kona.

Alisema wanapitia klabuni dakika moja tu.

Nje ya Klabu ya Matufe palijaa magari kama siku ya msiba wa mtu anayependwa. Ilikuwa Ijumaa, siku ya bahati nasibu ambayo zawadi yake ni nyama, lakini hata nyama haijawahi kuita watu wengi hivyo. Juu ya mlango walikuwa wamefunga shuka iliyoandikwa kwa rangi ya kijani: ASANTE GLENDA.

Neville alikuwa amewatangazia tangu Jumatano kwamba leo mkewe anasaini.

Kila mtu alikuwa amekuja na sahani yake, kama ilivyo desturi, na kwa heshima ya shughuli kila mtu alipika kabichi. Lilikuwepo kabichi la kukaanga, la siki, la kuviringishia nyama, la krimu, na keki ya chokoleti ambayo mpishi wake hakutaka kusema ndani mna nini. Madirisha yalifunguliwa mapema, kwa tahadhari. Kaunta ya baa ilibeba mfano wa Kabichi Kubwa lenyewe, limewekewa taa ndani, na vijitu vya plastiki vikipanda ngazi vikiwa vimenyoosha mikono juu. Huenda walikuwa wanafurahi. Huenda walikuwa wanaomba msaada.

Walimpigia makofi. Walimbusu. Shirl, mwenzake wa kantini ya shule, alimkumbatia na kumnong'oneza kwamba mwanawe ameahidiwa kazi ya kukata tiketi, na kwamba sasa hatahamia mjini. Mzee mmoja aliyefunga karakana yake tangu barabara ihame alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, asiuachie. Huyo ndiye aliyemuumiza zaidi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanazama, na mtu amewaonyesha kabichi.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Thelma, amekaa pembeni ya birika kubwa la chai, mkoba magotini, macho kwenye vikombe.

Neville alichukua kipaza sauti cha bahati nasibu. Koti lilikuwa bado linadondosha. Alisema mkewe ametoka kwa wakili sasa hivi. Alisema wakili amemweleza kila kitu, na kweli alieleza. Akasema sasa Glenda mwenyewe atawaambia neno moja tu.

Glenda alijua neno lenyewe. Barua ya wakili ingeweza kuja wiki ijayo au mwezi ujao. Lakini 'ndiyo' iliyosemwa mbele ya mji mzima haina mlango wa nyuma. Akiisema hapa, atakwenda Denby kwa basi na kuirudia kule kwa hiari yake mwenyewe, akitabasamu kidogo.

Alipewa kipaza sauti.

Neville akakohoa. Kimoja.

Glenda alishangaa jinsi kilivyosikika kidogo, hapa kwenye ukumbi mkubwa. Kule chini ya sakafu kilikuwa kama sauti ya ardhi. Hapa kilikuwa mwanamume aliyelowa, anayeelekea kuugua.

"Kabichi hili ni letu sote," alianza.

Wakashangilia. Neville akafumba macho kwa raha.

"Nimefurahi kuona mnaliamini. Mimi mwenyewe bado sijui. Lakini kama ni letu sote, naona vibaya libebwe na nyumba moja. Brodie, upo wapi?"

Brodie wa benki alikuwapo karibu na keki ya chokoleti, kijana mpole mwenye sahani iliyojaa kupita kiasi. Glenda alimuuliza kama benki inakataa nyumba za watu wengine. Brodie alimeza, akasema hapana, benki haijawahi kukataa nyumba ya mtu.

"Vizuri," alisema Glenda. "Basi, nani ataiweka ya kwake pembeni ya yangu? Aje tu hapa mbele. Simsukumi mtu."

Watu wakaziangalia sahani zao.

Kisha, upande wa meza ya pool, mtu akakohoa. Mwingine akajibu karibu na mlango. Mweka hazina wa kamati, wakili yule wa Wallabri mwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea, alikohoa ndani ya saladi yake. Shirl akakohoa huku akimtazama mumewe, mumewe akakohoa huku akiitazama dari. Ukumbi mzima ukakohoa, wazee na vijana, walioketi na waliosimama, mpaka mtu anayepita nje angedhani ni hospitali ya kifua.

Glenda alisimama pale na kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi kicheko kinampanda. Alikuwa amefika nusu ya kicheko hicho alipoona mkono mmoja umeinuliwa.

Ulikuwa wa Thelma.

"Mama, we pumzika," alisema Neville haraka.

Thelma alisimama kwa kushika meza. Neville akakohoa mara tatu.

"Kohoa tu, mwanangu," alisema bibi yule. "Marehemu baba yako naye alikuwa hivyohivyo. Alidhani sijui."

Watu walisogea kumpisha. Hakuja mbele. Alimsemesha mkwewe kutoka pale alipokuwa, taratibu, kama wako wawili tu jikoni.

"Ningeiweka ya kwangu pembeni ya yako, Glenda. Siwezi. Ilishawekwa. Wakati wa Pasaka Neville alinishika mkono, akanionyesha pa kusaini. Aliniambia ni karatasi za bomba la maji."

Neville alikuwa mweupe kama moyo wa kabichi. Brodie aliweka sahani yake chini.

"Mama Thelma," alisema, "si kwetu. Hiyo si benki yetu."

"Basi sijui ni ya nani," alisema Thelma. "Nilitaka kumuuliza mwanangu, lakini siku hizi amekuwa na shughuli nyingi. Leo asubuhi wamekuja wanaume wawili na mkanda wa kupimia. Niliwapa chai. Walikuwa na adabu, walivua kofia."

Glenda alikuwa ameshaanza kumwendea. Kipaza sauti kilibaki mkononi mwake, kimesahauliwa, kikibeba kila pumzi yake ukumbini.

"Wamepima nini, Mama?"

"Upana wa nyumba," alisema Thelma. "Halafu wakatoka nje, wakapima upana wa barabara."